Saa Inaanza Kuhesabu Kidato cha Kwanza
Mhadhara kwa wazazi wa vijana wa hoki ya barafuni, Waterloo, Iowa

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmetoka zamu moja kwa moja, hata koti la kazi hamjavua, kwa hiyo nitaingia kwenye jambo lenyewe.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari. Nimelelewa Nakuru, nimelea watoto huku, na hoki ya barafuni niliijua siku mwanangu aliporudi nyumbani akiniomba viatu vya kuteleza. Nilidhani ni mchezo wa msimu mmoja. Leo ni mwaka wa kumi na moja naamka alfajiri kumpeleka mtoto wa mtu uwanjani. Nimependa mchezo huu, na nimeona jinsi unavyoweza kumvunja kijana moyo pasipo sababu, kwa karatasi tu. Hizo karatasi ndizo zimenileta mbele yenu.

Kwanza tuelewane njia yenyewe ya kufika timu ya chuo, maana haifanani na ya mpira wa miguu wala ya kikapu. Mcheza kikapu anamaliza sekondari mwezi wa tano, mwezi wa nane yuko chuoni. Katika hoki ya wavulana sivyo. Kati ya sekondari na chuo kuna ligi za vijana, za umri wa miaka 16 hadi 20. Kijana anamaliza shule akiwa na miaka 18, halafu anacheza mwaka mmoja au miwili zaidi kabla ya chuo kumchukua. Ukienda kwenye mechi ya chuo utawakuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye miaka 20, hata 21, wana ndevu. Wala hawakufeli darasa lolote. Walikuwa wakisubiri.

Mfano tunao hapahapa mjini. Joe Pavelski alivaa jezi ya Waterloo Black Hawks, timu yetu ya ligi ya vijana, kuanzia 2002 hadi 2004. Mwaka 2003 San Jose, timu ya NHL, yaani ligi kuu ya kulipwa, walimchagua akiwa wa 205 katika uteuzi wa vijana wa mwaka huo, wakati wengine walishazima televisheni. Hakukata tamaa. Alibaki hapa msimu mwingine, timu ikachukua Kombe la Clark, la ubingwa wa ligi yao, mwaka 2004, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin akiwa na miaka 20. Mwaka 2006 Wisconsin wakawa mabingwa wa vyuo vya nchi nzima. Baadaye alicheza zaidi ya mechi elfu moja za NHL. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 19 anayelala bado kwa familia ya watu, akicheza mechi 62 kwa msimu na kupanda basi usiku kucha, asidhani mtoto amepotea. Hiyo ndiyo njia yenyewe.

Na hizo familia za watu, niziseme kidogo. Kijana akichukuliwa na timu ya mji mwingine, anawekwa katika nyumba ya familia inayompokea kama mwana. Kwetu jambo hili halina ugeni, wengi wetu tumesoma tukikaa kwa shangazi au kwa mjomba. Ila hapa huyo mjomba humjui. Mpigie simu kabla mtoto hajafunga begi. Muulize mtoto atakula saa ngapi, atasali wapi, nani atamfuata akiugua. Wenyeji wazuri hufurahi ukiuliza.

Sasa pesa, maana najua ndilo swali lililoko moyoni. Ligi hazilingani. Ya juu kabisa Marekani ni USHL, timu 16, na huko mzazi halipi: vifaa, safari na malazi ni juu ya klabu. Chini yake kuna NAHL, yenye timu zaidi ya 30. Huko ada ya kucheza hakuna, lakini mzazi huchangia kila mwezi pesa ya ile familia mwenyeji. Chini zaidi ni ligi za daraja la tatu, ambako mzazi analipa maelfu ya dola kwa msimu ili mtoto acheze. Sisemi zote ni mbaya, wapo waliopitia huko wakafika vyuo vidogo vizuri. Nasema hivi: mtu akikupigia simu kwa sauti tamu kwamba mwanao “ameteuliwa”, kisha ukurasa wa pili wa barua ukawa na bei, ujue wewe ni mteja. Jirani yangu mmoja aliuza gari kwa barua ya namna hiyo.

Kisha kuna Kanada. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi umefunguliwa juzi tu, na upepo wake unatugusa sisi.

Kanada wana muungano wa ligi tatu kubwa, unaitwa CHL, wenye timu zipatazo 60. Wachezaji wake hupewa posho, na baadhi yao huwa wameshatia saini mikataba ya NHL. Kwa sababu hiyo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliwahesabu wote kuwa watu wa kulipwa. Kijana akicheza huko hata mechi moja ya kirafiki, chuo cha Marekani kimemponyoka. Fikirini mtoto wa miaka 16 akiambiwa achague, na uchaguzi huo haufutiki. Mwezi wa nane 2024, kijana aliyecheza mechi mbili za majaribio akiwa na umri huo, kisha akajikuta amefungiwa nje ya vyuo, alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Buffalo. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo NCAA wakapiga kura kuiondoa kanuni hiyo, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 wachezaji wa CHL wakaruhusiwa kuingia vyuoni.

Mkitaka kuona ukubwa wa badiliko hili, watazameni vijana wawili na klabu moja. Cale Makar, beki wa Calgary, alikuwa anatakiwa na Medicine Hat Tigers, timu ya CHL. Hakwenda, kwa sababu kwenda kungemnyima chuo. Akacheza Brooks, mji mdogo wa Alberta, katika ligi ya chini yake, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Massachusetts. Mwaka 2019 akapata tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo, na mwaka 2022 akabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL. Sasa mtazameni Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse, huko Yukon. Yeye alicheza Medicine Hat hiyohiyo, akapata pointi 129, yaani magoli na pasi za magoli, katika mechi 56 za msimu wa 2024 hadi 2025, na majira ya joto yaliyofuata akatangaza kwamba anakwenda chuo cha Penn State. Njia ambayo mwenzake aliikimbia ndiyo iliyomfikisha yeye.

Mimi nafurahia badiliko hili. Kumfungia mtoto darasa kwa sababu ya mechi mbili lilikuwa jambo la dhuluma. Lakini hesabu lazima tuifanye. Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, yaani la juu kabisa, vyenye timu ya wanaume ni zaidi kidogo ya 60. Weka wachezaji 26 kila chuo, utapata nafasi kama 1,600. Kila mwaka robo yao wanahitimu, kwa hiyo zinazobaki wazi ni kama 400 kwa bara zima, na baadhi huchukuliwa na wanafunzi wanaohama kutoka chuo kingine. Zamani walizigombania vijana wa USHL, NAHL, ligi ndogo za Kanada na wachache wa Ulaya. Sasa ongezeni timu 60 za CHL. Atakayesukumwa pembeni si nyota. Ni kijana wa miaka 20 wa ligi ya kati, mwenye bidii, aliyekuwa anategemea nafasi ya ishirini na nne katika kikosi. Yaani ni watoto wetu, wengi wetu humu ndani.

Ndiyo maana nasisitiza ahadi. Kanuni zinamruhusu kocha wa chuo kuanza kuzungumza na mtoto tarehe 1 Januari akiwa darasa la kumi, yaani mwaka wa pili wa sekondari ya huku, na kumpa ahadi ya mdomo kuanzia tarehe 1 Agosti kabla ya darasa la kumi na moja. Mtoto akiitikia, mnaona picha mitandaoni, keki imekatwa, bibi kapigiwa simu Bukavu. Jamani, hayo ni maneno. Hayamfungi kocha, hayamfungi mtoto. Kinachofunga ni karatasi ya msaada wa masomo iliyotiwa saini na chuo. Kocha anaweza kuhama, anaweza kufukuzwa, anaweza kupata mtu bora kutoka Saskatchewan, huko Kanada. Nimeketi na familia iliyokaa na ahadi miaka miwili, ikaondolewa kwa simu ya dakika nne mwezi wa tano.

Sasa nifike kwenye jambo langu hasa.

Watu wanadhani ile miaka ya kusubiri ni muda wa kurekebisha kila kitu. Mtoto ataongeza kilo, ataongeza kasi, ataongeza magoli. Kweli, hayo yataongezeka. Alama za darasani haziongezeki. NCAA wanataka masomo 16 ya msingi: manne ya Kiingereza, matatu ya hesabu, mawili ya sayansi na kadhalika, kwa wastani usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha mwisho 4.0. Kumi kati ya hayo yawe yamekwisha kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza. Na yote yamalizwe ndani ya miaka minne tangu mtoto alipoanza darasa la tisa. Akishahitimu kwa wakati, anaruhusiwa kuongeza somo moja tu. Moja. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 anayetafutwa na makocha anabebwa, au anaangushwa, na hesabu aliyoisoma akiwa na miaka 15.

Na sisi tuliotoka nyumbani tuna mtego wa peke yetu. Saa ile ya miaka minne inaanza kuhesabu mara ya kwanza mtoto anapoingia mwaka wa tisa wa shule, popote duniani. Mpwa wangu alianza kidato cha kwanza Nakuru, akasoma mihula mitatu, akaja huku. Shule ikamrudisha darasa la tisa apate kukijua Kiingereza cha huku, na sisi tukashukuru. Hakuna aliyetuambia kwamba saa yake ilikuwa imeshaanza Kenya. Alipofika miaka 19, chuo kimoja kikamtaka, akatuma cheti chake, jibu likaja kwamba masomo ya mwaka wake wa mwisho yako nje ya muda. Nilikuwa na kazi hii hii ninayoifanya leo, na sikujua. Nililia kwenye gari, siwafichi.

Hakuishia hapo, alicheza katika timu ya klabu ya chuo, chini ya ACHA, ambayo haiko chini ya NCAA. Huko wachezaji hulipa wenyewe na kanuni za kuingia si hizo. Sasa ni mhandisi. Alipata shahada, na hoki aliicheza mpaka mwisho. Lakini alichokitafuta tangu utotoni kilimpita kwa sababu watu wazima waliomzunguka hawakusoma ukurasa mmoja.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mtoto wake alisoma Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi, au kambini Kakuma au Nyarugusu, tafuta ripoti zake za shule sasa. Usingoje. Zinatakiwa kwa lugha zilizoandikiwa, pamoja na tafsiri. Shule zinahama, makarani wanastaafu, kambi zinafungwa. Na msikubali somo la kwenye kompyuta, ambalo vijana wa hoki hupenda kulichukua wakiwa safarini, mpaka mhakikishe liko katika orodha inayokubaliwa na NCAA. Shule inaweza kulikubali kwa cheti chake na NCAA wakalikataa.

Mama pale mbele ameniandikia swali: katika ile miaka ya kusubiri, mtoto asome chuo cha karibu? Mama, ndiyo, lakini masomo machache. Akijiandikisha kwa mzigo kamili wa mwanafunzi, inaanza saa nyingine, ile ya miaka mitano ya kucheza chuoni. Darasa moja au mawili kwa muhula yanamfaa, yanaweka akili macho. Karatasi nyingine hapa inauliza kuhusu mabinti. Njia yao ni fupi: wengi huenda chuoni moja kwa moja kutoka sekondari, hawana ile miaka miwili ya ligi za vijana. Maana yake alama zao zinatazamwa mapema zaidi, na nafasi ya kujirekebisha ni ndogo zaidi.

Na kuna baba anauliza ufadhili. Vyuo vya daraja la kwanza vinaweza kulipia masomo kwa sababu ya mchezo, isipokuwa vile vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard. Vyuo hivyo vinane, pamoja na vyuo vya daraja la tatu la NCAA, havitoi pesa ya michezo hata senti. Vinatoa msaada kwa kutazama kipato cha nyumbani na, vingi vya daraja la tatu, kwa alama za darasani. Familia zetu nyingi zingepata zaidi huko. Sijui kwa nini tunaona haya kuuliza.

Mimi niko hapa mpaka saa tatu usiku. Wenye watoto wa darasa la nane na la tisa nianze na nyinyi, tafadhali sogezeni viti huku mezani. Mwenye ripoti ya shule ya nyumbani mfukoni au kwenye simu aniletee tuhesabu miaka pamoja. Asiye nayo, aniandikie jina la shule na mwaka, kesho asubuhi kwa saa za Nairobi na Bukavu nitaanza kupiga simu.