Asilimia 18 ya Nini?

Nitaanza na lile lile ninalolisema kila mwaka, kwa sababu makosa bado yanakuja mezani yale yale.

Risiti ina jumla ya shilingi 590,000, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, imo ndani. Bosi anauliza: VAT ni kiasi gani? Kijana anachukua simu, anapiga 590,000 mara asilimia 18, anajibu 106,200. Si kweli. VAT hapo ni 90,000. Amekosea kwa 16,200 katika risiti moja, na duka la vifaa vya ujenzi hutoa risiti ngapi kwa siku?

Tatizo si kuzidisha, kuzidisha amezidisha vizuri. Hakujiuliza asilimia 18 ya nini. Kodi inapigwa juu ya bei kabla ya kodi. Bei hiyo ni 100, kodi ni 18, mteja analipa 118. Kwa hiyo 590,000 ni 118, si 100. Gawanya kwa 1.18, unapata 500,000. Kinachobaki ni kodi. Kwa walio Kenya kiwango ni asilimia 16, basi wagawanye kwa 1.16.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, simu ina kitufe cha asilimia." Haya, bonyeza: 590,000 toa asilimia 18. Inakupa 483,800. Sasa rudi nyuma, ongeza asilimia 18 kwenye 483,800. Umepata 570,884. Zile 590,000 ziko wapi? Kitufe kimefanya ulichokiamuru, nawe umeamuru kitu kingine. Kurudi nyuma hivyo ni sekunde kumi tu, na sielewi kwa nini watu wanaona uvivu kufanya hivyo!

Faida nayo ni hivyo hivyo. Umenunua kwa 8,000, umeuza kwa 10,000. Ukipima kwa bei ya kununulia, faida ni asilimia 25. Ukipima kwa mauzo, ni 20. Mwenye duka akitaka asilimia 25 ya mauzo, usiongeze 2,000. Gawanya 8,000 kwa 0.75, uuze kwa 10,667 hivi. Muulize kabla hujabandika bei.

Muda unakwisha na mafundi bado wananisubiri, basi haraka haraka. Sakafu ya mita 4 kwa 3, unene sentimita 10. Msizidishe 4 mara 3 mara 10! Sentimita 10 ni mita 0.1, hivyo zege ni mita za ujazo 1.2. Zidisha kwa 1.54, maana mchanganyiko mkavu hunywea ukitiwa maji na kushindiliwa. Kwa 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, jumla sehemu 7, gawanya kwa 7: saruji ni kama mita za ujazo 0.264. Mfuko wa kilo 50 ni takriban 0.035, kwa hiyo mifuko 7 na nusu. Nunua 8. Ukinunua 7 utamalizia kesho, na zege la leo halishikani vizuri na la jana.