Dhahabu kwenye ramu mbovu: ipo, ni kidogo, na inatoka hivi

Ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Busia, Arua na popote mnaponitazama, hamjambo. Wazee, shikamooni. Leo hapa Waltham, Massachusetts, kuna jua na upepo mzuri unaopuliza kutoka kwenye nyumba kwenda nje ya ua, na huo upepo ndio ulioamua video irekodiwe leo. Kazi hii hufanyiwa nje. Jikoni hapana, gereji iliyofungwa hapana, barazani wanapopita watoto hapana.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, nina gunia la kompyuta mbovu, nitatoa dhahabu kiasi gani?" Basi tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokuambia uendelee kunitazama au ukalale.

Nasogeza kamera. Hiki ni kijiti cha ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta (RAM), aina ya DDR3, cha kompyuta ya mezani. Ukingo wa chini una vijibati vya manjano pande zote mbili. Sisi wa kazi hii tunaviita vidole. Viko 240. Kila kidole kina upana wa milimita 0.8 hivi na urefu wa 2.5, yaani milimita mraba 2. Zidisha kwa 240, unapata 480. Sasa unene wa dhahabu: kwenye vidole vilivyotengenezwa vizuri ni mikroni 0.76, na mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. 480 mara 0.00076 inakupa milimita za ujazo 0.36 na ushee, na kila milimita ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa miligramu 19.3. Jibu ni miligramu 7. Kijiti kizima! Gramu moja inataka vijiti 140 na zaidi, tena hapo tumeamini kwamba kiwanda hakikubana matumizi. Vijiti vya bei ya chini hupakwa nyembamba zaidi.

Na zile sehemu pana za manjano zinazong'aa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, na kwenye bodi za simu? Zile zinakudanganya macho. Nyingi zimepakwa dhahabu ya mikroni 0.05 hadi 0.1, ya kuzuia nikeli isishike kutu kabla ya kulehemiwa, basi. Kidole ni kitu kingine: kimepakwa dhahabu ngumu na nene kwa sababu kitachomekwa na kuchomolewa, kisugulike.

Wanaodhani haya ni hadithi, kumbukeni medali za Olimpiki za Tokyo 2020. Madini yake yalitoka kwenye vifaa vya kielektroniki walivyochanga Wajapani. Kwa hiyo Joshua Cheptegei kwenye mita 5,000 na Peruth Chemutai kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, wote watoto wa Sebei, walirudi nyumbani na dhahabu iliyotoka kwenye mashine mbovu. Lakini tazameni kipimo: vilikusanywa vifaa vya tani karibu 79,000 na simu zaidi ya milioni 6, ikapatikana dhahabu kilo 32. Na medali yenyewe ndani ni fedha. Dhahabu iliyopakwa juu ni gramu 6 na kidogo.

Kwa hiyo mimi hii naiita kazi ya mapumziko, ya mtu anayependa kemia na mwenye subira. Anayetafuta hela achambue, akate, auze vidole kwa kilo kwa wanunuzi wa taka za kielektroniki, asiguse asidi kabisa. Na ukikutana na prosesa ya zamani ya kauri, kama Pentium Pro, usiivunje. Ndani ina karibu theluthi ya gramu ya dhahabu, kweli, lakini wakusanyaji wa vitu vya kale mara nyingi huilipia zaidi ikiwa nzima kuliko thamani ya hiyo dhahabu.

Haya, tukate. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi kabla hata hawajafungua chupa. Kata kwa mkasi wa bati, ukifuata mstari pale vidole vinapoishia na rangi ya kijani inapoanza. Ukipanda juu milimita tano tu, unaingiza shaba isiyo na dhahabu, asidi inaisha bure. Ukipanda zaidi unaingiza lehemu, na lehemu ina bati, yaani tin, siyo bati la paa. Bati likiyeyuka pamoja na dhahabu hufanya uji wa zambarau usiochujika, na dhahabu yako imenaswa humo ndani. Kila kipande chenye alama ya lehemu, weka pembeni. Halafu pitisha sumaku: kinachonata kwa nguvu kina chuma, kitoe.

Kwa kuanzia chukua gramu 250 za vidole vilivyokatwa hivyo. Ni kama vijiti 190. Kwa hesabu yetu ya juu hapo kuna gramu 1.3, ukipata gramu moja safi, umefanya kazi nzuri.

Asidi ya hatua ya kwanza ni ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae na mabwawa ya kuogelea. Hapa Marekani madukani inauzwa ya asilimia 31.45. Huko kwetu soma kibandiko, na usikubali kuuziwa maji ya betri ukiambiwa "yote ni asidi": ya betri ni ya salfuriki, haitafanya kazi hii. Ya pili ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda.

Vidole viingie kwenye ndoo ya plastiki au chombo cha kioo. Mimina asidi mililita 500, au mpaka ivifunike vizuri. Kisha peroksaidi, mililita 50. Mtasikia wengine wakisema asidi sehemu mbili kwa peroksaidi sehemu moja. Sikatai, inafanya kazi na inafanya haraka, lakini peroksaidi ikizidi inaanza kuyeyusha hata dhahabu. Kazi yake ni kuanzisha tu. Shaba kidogo ikishayeyuka, kile kimiminika cha kijani kinachojitokeza ndicho kinachokula shaba iliyobaki, na hewa ndiyo inayokihuisha tena. Kwa hiyo tunatumia pampu ndogo ya tangi la samaki, mrija wa plastiki, viputo taratibu. Pampu ikae mbali na ndoo na juu zaidi ya usawa wa asidi, la sivyo umeme ukikatika asidi inarudi kwenye mrija hadi ndani ya pampu. Na umeme wa kwetu mnaujua. Kifuniko kiwe cha kuegesha, usikibane.

Rangi itakuambia hali. Kijani kinachong'aa: kazi inaendelea. Kahawia iliyokoza kama nyeusi: hewa haitoshi, ongeza viputo. Usipashe moto kuharakisha, utapata moshi wa asidi ambao utakula mabati ya paa, vitasa vya milango na mapafu yako. Siku chache hadi wiki moja, kutegemea joto. Usimwage kitu kabla shaba haijaisha: kama dhahabu kidogo iliyeyuka njiani, shaba iliyobaki huirudisha ikawa unga mweusi, nao ni wako.

Angalieni sasa, nimesogeza kamera mpaka mdomoni mwa ndoo. Vile vinavyoelea, vyepesi kama maganda ya kitunguu, ndiyo dhahabu. Shaba iliyokuwa chini imeliwa, nikeli imeliwa, dhahabu imebaki ngozi tupu. Ukivipulizia vinakimbia.

Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, na uilowanishe kwanza, la sivyo vipande vitanasa kwenye karatasi kavu. Suuza mara ya kwanza kwa asidi safi kidogo, siyo maji. Ukikimbilia maji utaona unga mweupe unajitokeza ghafla. Ni chumvi ya shaba inayokataa kukaa kwenye maji, na itakuchafulia kila kitu. Asidi kwanza, maji baadaye, mpaka maji yatoke bila rangi.

Hatua inayofuata ndiyo inayoua watu, kwa hiyo sikilizeni. Tunayeyusha vile vipande kwa asidi ileile na jiki. Asidi ikikutana na jiki inatoa klorini, gesi ileile iliyotumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Unahitaji kinyago chenye vichujio vya gesi za asidi, miwani iliyofunika pembeni, glavu ndefu, upepo mgongoni, na ndoo ya maji karibu. Kama huna hivyo vyote, ishia hapa. Vipande vyako vya dhahabu havitaoza, vifunge kwenye chupa.

Vipande ndani ya chombo cha kioo, asidi mililita 50. Jiki iwe ya kawaida, isiyo na manukato wala uzito wa sabuni. Tia kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, subiri, koroga kwa kijiti cha kioo, tia kingine. Kimiminika kitageuka manjano. Vipande vikiisha, acha kutia. Kosa la kawaida ni kuendelea kumimina jiki "kwa uhakika", halafu baadaye dhahabu inakataa kushuka.

Inakataa kwa sababu klorini iliyobaki inaiyeyusha tena kila inapotaka kutoka. Kwa hiyo lazima ifukuzwe: pasha taratibu, nyuzi 60 hadi 80, isichemke, au acha chombo wazi nje, ndani ya uzio wasipofika watoto, usiku kucha. Kisha chuja. Kimiminika kiwe kisafi kabisa, manjano isiyo na ukungu. Karatasi zote za kuchujia zihifadhi, zina mabaki.

Sasa kipimo. Tia kipande cha bati safi (tin, siyo la paa), gramu moja, kwenye asidi ya haidrokloriki mililita 30, kiyeyuke. Hiyo ni stanasi kloraidi. Tone moja la kimiminika chako kwenye karatasi nyeupe, tone moja la hii juu yake. Zambarau iliyokoza: dhahabu ipo. Ianzie hapo kazi yako yote, maana bila kipimo hiki unamwaga dhahabu ukidhani ni maji. Dawa hii inakufa baada ya wiki chache. Acha kipande cha bati ndani ya chupa idumu, na uijaribu kwanza kwenye kimiminika unachojua kina dhahabu.

Kuishusha tunatumia sodiamu metabaisalfaiti, unga wa watengeneza mvinyo. Kwa gramu moja ya dhahabu, gramu moja hadi mbili za unga, ukiyeyushwa kwenye maji kidogo na kutiwa pole pole. Nao unatoa gesi kali, kinyago usikivue. Manjano inafifia, kimiminika kinakuwa cha kahawia, kama matope ya mto. Msikate tamaa kwa sura yake: ule unga wa kahawia ni dhahabu. Uache utulie mpaka kesho, pima tena kwa tone. Zambarau ikionekana, ongeza unga kidogo. Isipoonekana, mimina maji ya juu kwa uangalifu, suuza unga kwa maji ya moto mara kadhaa, halafu asidi safi ya vuguvugu, halafu maji tena. Mtaona video za watu wanaosuuza kwa amonia. Nyinyi msiguse. Amonia ikikutana na chumvi ya dhahabu iliyobaki inaweza kufanya kitu kinacholipuka kikikauka.

Kuyeyusha ni rahisi mkishafika hapo. Dhahabu inayeyuka kwa nyuzi 1,064. Kibakuli cha kauri kipakwe boraksi kwanza mpaka king'ae, unga ukaushwe kabisa, na mwali uanze kwa mbali, la sivyo utapuliza mshahara wako kwenye nyasi. Gesi ya kupikia peke yake hupata shida. Fundi dhahabu wa mtaani mwenye mtungi wa oksijeni ataimaliza kwa dakika chache. Ikiiva inajikusanya tone moja la duara. Ikipoa na kuacha kishimo katikati, ni dalili nzuri ya usafi.

Ndugu wa Busia na Mubende mmeniuliza kuhusu zebaki. Haina kazi hapa. Na wale wa kuchoma bodi motoni ili "plastiki itoke": ule moshi una sumu mbaya kuliko asidi yote niliyoonyesha.

Mwisho, lile ji-ndoo la kijani. Kwa Kampala, ukilimwaga mtaroni linaingia Nakivubo, Nakivubo inaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na Ggaba wanavuta maji ya bomba kutoka ghuba hiyohiyo. Kwa hiyo tia misumari na vipande vya chuma, nje, na uache siku mbili tatu. Shaba yote itaganda juu ya chuma kama matope mekundu, nayo wanaonunua chuma chakavu wanaitaka. Kinachobaki kitilie chokaa kidogo kidogo ukikoroga, mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe pH 9. Matope yatazama. Yakaushe, yafunge kwenye jerikeni lenye maandishi, uyapeleke kwa wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya taka hatari. Kama mtaani kwenu hakuna wa kuyapokea, jueni hilo kabla ya kununua asidi. Vidole mnaweza kuviuza vilivyo.

Pini za viunganishi zinataka njia nyingine kabisa, hizo nitazifanyia video yake. Andikeni chini hapo mna ramu za aina gani, DDR2, 3 au 4, na uzito baada ya kukata, siyo kabla.