Pedeli: Mguu Unasukuma au Unatoa Oda?

KASSIM: Karibuni tena jamani, leo ni pedeli. Mi niliposikia mada nikasema aah, si ya baiskeli tu, tutaongea nini hapo?

NEEMA: Haya nikuulize, ukikanyaga pedeli ya baiskeli nguvu inatoka wapi?

KASSIM: Si mapajani kwangu, kwani kuna mwingine?

NEEMA: Na kwenye gari ukikanyaga mafuta?

KASSIM: Injini hiyo. Mi nimekaa tu.

NEEMA: Umeona sasa! Baiskeli mguu unapiga kazi, gari mguu unatoa oda. Zote tunaziita pedeli.

KASSIM: Ila klachi kwenye foleni bwana, mguu wa kushoto unaipata habari yake. Anayejifunza anaambiwa achia taratibu, yeye anaachia puu, gari inaruka inazima. Ukiikanyaga ile unatenganisha injini na giaboksi, ukiachia vinashikana, sasa kuna pale katikati gari inaanza kutetemeka na mlio wa injini unashuka, hapo ndo pa kutuliza mguu, uongeze mafuta kidogo halafu umalizie kuachia.

NEEMA: Otomatiki imebaki na breki na mafuta tu, zote za mguu wa kulia. Ukizoea manyuo, yaani gari ya klachi, ule wa kushoto unatafuta klachi unaangukia breki, abiria wote wanainama kama wanasujudu.

KASSIM: Hahaha! Na mpangilio wenyewe haukuwa huu tangu mwanzo. Ford Model T, ile ya 1908, karibu zote zilikuwa na pedeli tatu ila ya kulia ndo breki, ya kati rivasi, ya kushoto gia, mafuta unaongeza kwa mkono hapo chini ya usukani.

NEEMA: Mi ningegonga ukuta. Baiskeli nayo ilianza bila pedeli kabisa, ile ya Karl Drais wa Ujerumani 1817 ulikuwa unasukuma ardhi kwa miguu, pedeli zikaja Paris miaka ya 1860, zimefungwa tairi la mbele moja kwa moja, hamna cheni.

KASSIM: Ngoja, kuna hili la kufungua pedeli, watu wanavunja spana bure. Ya kulia inafunguka kawaida ila ya kushoto nyuzi zake zimegeuzwa, ukizungusha ulivyozoea ndo unazidi kuikaza.

NEEMA: Kwa nini lakini?

KASSIM: Zote zingekuwa aina moja, ya kushoto ingelegea yenyewe kidogo kidogo unavyoendesha mpaka ing'oke. Kwa hiyo shika hivi, spana ikiwa imesimama juu, isukume kuelekea nyuma ya baiskeli, pande zote mbili inafungua. Na angalia kwenye ekseli ya pedeli, kawaida wameandika L ya kushoto na R ya kulia.

NEEMA: Piano sasa, ile pedeli ya kulia haitoi sauti yoyote yenyewe, inanyanyua vile vizuizi vilivyolalia nyaya, ukitoa kidole noti inaendelea kulia. Wanaoanza wanaikanyaga mwanzo mwisho, noti zinachanganyikana yanakuwa makelele matupu.

KASSIM: Kinanda cha kanisani je, kile kikubwa cha mabomba?

NEEMA: Hicho miguu inapiga noti kabisa, hasa zile za besi, mtu anacheza huku amekaa!

KASSIM: Ya gitaa mi naipenda, unabonya mara moja sauti inakwaruza, unabonya tena inarudi safi.

NEEMA: Oda tena hiyo! Cherehani ya miguu ndo inarudi kwenye jasho.

KASSIM: Haya jamani, wiki ijayo tunaingia kwenye breki.