Kutoa DNA Safi Kwenye Jani la Muhogo

Ndugu wanafunzi, karibuni. Wengi wenu mtafanya utafiti wa magonjwa ya muhogo, zao linalolisha nyumba nyingi hapa Uganda. PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) inapogoma, watu huilaumu mashine, kumbe kosa mara nyingi lilifanyika mapema, kwenye kinu.

Chuma jani changa la juu. Lililokomaa limejaa polisakaridi (sukari za minyororo mirefu zinazoteleza) na fenoli (kemikali za mmea). Gramu 0.1 ya kutwanga kinuni inatosha; ukizidisha, bafa (myeyusho wa kutolea DNA) hulemewa na mwishoni unabaki na utelezi.

Bafa yenyewe ina CTAB (aina ya sabuni) asilimia 2, NaCl (chumvi) mola 1.4, EDTA milimola 20 na Tris (ya kutunza pH) milimola 100 yenye pH 8.0. CTAB hupasua utando wa seli. Chumvi hiyo nyingi huiacha DNA ielee kwenye maji huku CTAB ikishikana na protini na polisakaridi. EDTA huteka magnesi, hivyo vimeng'enya vinavyokata DNA hukosa nguvu. Merkaptoethanoli, asilimia 0.2, iongezwe siku ileile ya kazi, ndani ya kabati la kufyonza hewa, maana ni sumu. Ikikosekana, fenoli huoksidika, mchanganyiko unakuwa wa kahawia, na uchafu huo huing'ang'ania DNA.

Pasha moto nyuzi 65 kwa dakika 30, ukigeuza mirija taratibu. Ongeza klorofomu na alkoholi ya isoamili (24:1) kwa ujazo uleule, kisha zungusha kwenye mashine ya kuzungushia mirija kwa 12,000 g (mara 12,000 ya nguvu ya uvutano) dakika 10. Chukua maji ya juu tu. Usitamani tone la mwisho lililo karibu na utando mweupe. Isopropanoli baridi huiangusha DNA, ethanoli ya asilimia 70 huiosha. Ethanoli ikibaki, sampuli huelea nje ya kishimo cha jeli na kimeng'enya cha Taq, kinachonakili DNA kwenye PCR, huzuiwa. DNA ikikauka kupita kiasi, haiyeyuki upesi.

Pima mwanga unaonyonywa na DNA. Uwiano wa 260/280 (nanomita) uwe karibu 1.8, na 260/230 karibu 2. Huo wa pili ukiwa chini sana, usirudie kazi yote kwanza: punguza DNA mara 10 na uendeshe PCR ya sampuli zote mbili pamoja. Iliyopunguzwa ikitoa mstari kwenye jeli na ile nzito isitoe, umeshajua kwamba vizuizi vilikuwa tatizo.

Hapa ndipo naomba mwe makini zaidi. Virusi vya mozaiki ya muhogo vina DNA, lakini vya michirizi ya kahawia vina RNA. CTAB hutoa vyote viwili. Mkizoea kumimina RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) kila mara, mtaufuta ushahidi wa michirizi kabla ya kuutafuta, kisha mtaandika kwamba mmea ni mzima. Gawanyeni sampuli mapema: sehemu moja ipate RNase, nyingine iende kwanza kwenye kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA. Na kila mara wekeni mrija mmoja usio na DNA, wa kuonyesha uchafuzi, na mwingine unaotafuta jeni ya muhogo wenyewe, wa kuonyesha kama PCR imefanya kazi.