Nani kasema, nani kasemewa: TV zetu na kampeni za urais

Assalaam alaykum. Nshawaona, mnacheka, huyo kaja tena na stopwochi yake. Ndio nimekuja nayo, imo ndani ya simu, na ntasema yale yale mana sijaona kilichobadilika.

Kwamba TV zinapendelea kila mtu anasema, pita Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa Mji Mkongwe, utaambiwa kabla hujapewa kikombe cha kahawa. Lakini muulize mtu zinapendelea vipi, atakwambia fulani kapewa dakika nyingi, fulani chache, basi, kamaliza. Jamani, dakika unaweza ukazisawazisha zote na upendeleo ukabaki pale pale!

Skizeni. Kampeni moja hizi zilizopita nilikaa nikatazama taarifa ya habari ya televisheni moja, siitaji na nyinyi msinitajie. Mgombea wa kwanza, kamera iko juu kabisa, droni inazunguka, unaona watu mpaka mwisho wa kiwanja, kisha anasema mwenyewe, sentensi yake anaimaliza, vigelegele unavisikia. Haya, wa pili, mkutano wake Tibirinzi, Chake Chake. Kamera iko chini, imembana yeye na maiki na bega la mlinzi, halafu ikahamia kwa bibi mmoja kajifunika mwavuli wa buluu, ikakaa kwa yule bibi weee mpaka nikamzowea. Watu wengine hatuwaoni, utasema mkutano kahudhuria yule bibi peke yake. Ikirudi kwa mgombea mdomo unacheza, mkono unapanda unashuka, lakini sauti ni ya mtangazaji, anatupa mukhtasari. Yeye mwenyewe tumemsikia mwisho kabisa, nusu sentensi, tena ile ya kumkejeli mwenzake, sera zote za karafuu na bandari zimebaki Tibirinzi. Kwa dakika walikuwa karibu sawa! Mhariri ukimfata atakutolea karatasi, tumewapa wote. Kweli kawapa, ila mmoja kasema na mwengine kasemewa.

Sasa kuna mtu hapa anasema moyoni, mwalimu, hata Marekani ndo hivyo hivyo. Na msiniletee Nixon na jasho lake kwenye mdahalo wa TV na Kennedy wa 1960, hiyo kila mwanafunzi wa habari anaianza nayo insha. Nileteeni hii: mtafiti Kiku Adatto alipima taarifa za jioni za ABC, CBS na NBC, mwaka 1968 mgombea urais alikuwa akisikika kwa sauti yake sekunde 42 kwa wastani bila kukatwa, kufika 1988 sekunde hazifiki 10. Ishirini tu hiyo miaka! Nafasi ile wakaichukua waandishi, wanaeleza mgombea ana mbinu gani, kavaa nini, nani yuko mbele. Na usidhani sheria ya muda sawa ingewasaidia, wanayo tangu 1934, ila 1959 taarifa za habari zilitolewa humo, kwa hiyo hapo penye utamu ndo haigusi. Ile kanuni yao nyengine ya kuonesha pande zote nayo ikafutwa 1987. Halafu Machi 2016 Bernie Sanders, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya Democratic, anahutubia Phoenix, stesheni kubwa za kebo hazimrushi, zinamngoja Trump, zinaonesha mimbari haina mtu. Mimbari tupu imempiga mtu mzima anayesema!

Lakini tafauti ipo, wale wanakimbilia watazamaji na matangazo ya biashara, wakikata wanamkata yeyote. Hapa kwetu mkasi unajua njia. Na stesheni ya umma inaendeshwa kwa kodi, na kodi analipa yule wa mwavuli pia, kwa hiyo msiniambie "kwani wao?".

Mwengine ataniambia rais akifungua skuli wakati wa kampeni si habari hiyo? Habari, sijakataa. Itoe ukimaliza, lakini ile hotuba ya kuomba kura iliyofatia pale pale ihesabu kwenye kampeni, usinifichie ndani ya ufunguzi wa skuli.

Ya 2015 na tangazo la Jecha, mwenyekiti wa tume, la kufuta uchaguzi wa Zanzibar mnayajua, siyagusi. Na huyu kijana hapa mbele kashanionesha saa, basi midahalo naikata, nilitaka niwakumbushe tu kwamba 1995 wagombea urais wa Muungano, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikaa kwenye mdahalo mmoja watu wakawasikia wote wanne, sasa mtueleze kwa nini hapa kwetu kila uchaguzi hilo ni kazi nzito. Mitandao ndo usiseme, klipu za sekunde kumi, ugonjwa ule ule, na 2020 Twitter ikazimwa siku za kura, hilo nalo lina mhadhara wake.

Maswali. Tuanze na kinamama, mana wanaume wa hapa wakiishika maiki hawaiachii.