Kimlacho Kuku Hakimo Manyoyani Mwake

(Mazungumzo na wafugaji wa kuku wa nyumbani, Kibaha, mkoa wa Pwani)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie utitiri, na naona watu watatu hapa mbele wameshaanza kujikuna kabla sijafungua mdomo. Vizuri, basi mdudu mnamfahamu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kuku methali hii inatupotosha, na imenigharimu kuku wangu mwenyewe. Nilipokuwa msichana, nyumbani tulikuwa na mtetea wa kishingo, mwatamiaji hodari. Safari moja alilalia mayai kumi na mawili, siku ya kumi na tano akashuka, akagoma kurudi. Mayai yakapoa. Bibi akasema kuku huyu ana kisirani, Ijumaa akaliwa kwa wali. Tukampandisha mtetea mwingine kwenye kiota kile kile. Wiki ya pili naye akashuka. Nikatumwa nikatupe lile tenga na nyasi zake. Nililinyanyua, na chini yake nikaona ungaunga wa kijivu, kama majivu ya sigara. Nikalikumbatia nitoke nalo. Kabla sijafika jalalani majivu yalikuwa yanapanda mkononi, yamefika kwenye kiwiko.

Yule mtetea hakuwa na kisirani. Alikuwa ananyonywa damu kila usiku na hana pa kukimbilia.

Sasa tuelewane. Utitiri huu mwekundu, ambao wataalamu wanauita Dermanyssus gallinae, hauishi juu ya kuku. Mchana umejibanza kwenye nyufa za ukuta, chini ya chanja, kwenye maungio ya mbao, nyuma ya magome ya mabanzi. Giza likiingia unatoka, unapanda kwa kuku aliyelala, unanyonya, kisha unarudi nyufani kutaga. Mdudu mmoja hafiki milimita moja. Akiwa na njaa ni wa kijivu, akishiba ni mwekundu. Kwa joto letu la Pwani, yai linaanguliwa kwa siku mbili au tatu, na ndani ya wiki moja hivi kizazi kipya kiko tayari kutaga. Ndiyo maana Jumatatu banda ni zima, na mwisho wa mwezi kuku wamepauka vilemba, mayai yamepungua, jioni wanagoma kuingia ndani wanapanda mwembeni.

Ukimkamata kuku wako saa nne asubuhi ukampekua manyoya, hutauona. Ukiona vidudu vya rangi ya majani makavu vinakimbia kwenye ngozi karibu na mkundu, na mayai yamegandamana kwenye mashina ya manyoya, hao ni chawa. Na vile vyeusi vilivyong'ang'ania kuzunguka macho ya vifaranga, ambavyo wengi mnadhani ni ndui, ni viroboto. Kuna utitiri mwingine unaoishi mwilini mwa kuku mchana na usiku, huo utauona mchana umefanya manyoya ya nyuma yawe machafu meusi. Lakini huu wa nyufani ndio unaotusumbua zaidi kwenye mabanda ya mbao na udongo.

Kuupima hakuhitaji maabara. Saa tatu usiku chukua tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya chanja, kule kuku hawakanyagi, ukibonyeza. Kikitoka na michirizi ya damu, jibu umelipata. Mchana unaweza kubana kipande cha boksi lenye mikunjo ndani chini ya chanja, ukiache siku mbili. Utitiri unapenda ile mikunjo. Kitoe, kitie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, halafu chungulia.

Kosa letu kubwa ni kumpaka dawa kuku na kumrudisha kwenye banda lile lile. Ni sawa na kuoga kisha kuvaa nguo chafu. Anza na banda. Toa kuku wote asubuhi. Nyasi za viota na maranda yote nje, yakachomwe mbali. Nimesema mbali! Kuna mtu alitaka kuunguza nyufa kwa mwenge ndani ya banda la makuti, na paa la jirani liko hatua tatu. Maji yanayochemka yanatosha: mimina kwenye kila ungio na kila ufa, chini ya vichanja hasa. Kisha nyunyiza maji ya sabuni mazito, maana sabuni inauziba huu mdudu pumzi. Likikauka, ziba nyufa kwa udongo au saruji, paka chokaa. Dawa ya unga au ya kunyunyiza ya permethrini iliyoandikwa kwamba ni ya kuku inafuata hapo, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Wenye paka, wafungieni mbali. Permethrini inaua paka.

Halafu baada ya siku tano hadi saba, rudia yote. Watu wengi wanaishia mara ya kwanza. Dawa nyingi haziui mayai, na waliokuwa mayai Jumamosi ndio watakaokuwa wakubwa Jumamosi inayofuata. Na msiniambie mmeliacha banda tupu wiki mbili ili wafe njaa. Utitiri unaweza kukaa miezi bila kula, hasa penye ubaridi.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali kidogo. Najua wapo wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, au matone ya kupe ya mbwa, wakampaka kuku. Mwaka 2017 kule Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani kwa sababu yalikutwa na fipronili, sumu ya kuua wadudu, na ilitoka hapo hapo: ilichanganywa kwenye dawa ya kusafishia utitiri mabandani. Fipronili ndiyo ile ile iliyomo kwenye matone mengi ya mbwa. Wenzetu wana wakaguzi. Yai la kwako linatoka kiotani linakwenda kwa mtoto, hakuna aliyelipima. Ivermektini, ile dawa ya minyoo na wadudu wa mifugo, nayo inaingia kwenye yai, usiitumie bila mganga wa mifugo kukuambia mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Miguu yenye magamba yaliyoinuka ni utitiri mwingine, unachimba chini ya magamba. Osha mguu kwa maji vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, paka mafuta mazito ya kujipaka, kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa na oili chafu yanaunguza ngozi. Usibandue magamba kwa kucha, atatoka damu.

Majivu? Naam, yawekeni kwenye shimo la kuogea kuku, mchanganye na mchanga mkavu. Yanasaidia kupunguza chawa. Banda lililojaa utitiri hayatalimudu peke yake. Na kuku mpya kutoka mnadani akae peke yake wiki mbili, mkamtazame miguu na manyoya. Viota vya shomoro kwenye paa la banda viondoeni pia.

Mama pale dirishani ameuliza swali zuri: ana mtetea yuko siku ya kumi ya kuatamia na kiota kimeshaingiliwa, afanye nini? Usimchinje, mama. Tengeneza kiota kipya leo mchana, boksi safi na nyasi kavu, mbali kabisa na banda la zamani. Magharibi ikiingia, mpake mtetea ile dawa ya unga kidogo chini ya mabawa na nyuma, si tumboni anapogusana na mayai. Futa mayai moja moja kwa kitambaa kikavu, usiyaoshe, yahamishe kwenye kanga yenye joto. Robo saa nje hayaharibiki. Mweke mtetea juu yake gizani, mfunike na tenga hadi asubuhi. Kile kiota cha zamani kichome usiku huo huo, na mikono uikung'ute kabla hujaingia ndani kulala.