Mtoano wa NBA: mnaoniuliza mshike timu gani

Haya wadau, karibuni. Ikifika Aprili, NBA (ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani) ikiingia mtoano, swali ni lile lile kwenye maoni: "Mkuu, mtoano wa NBA huo umeanza, nishike timu gani?" Leo najibu. Najua wapo watakaosema najidai kwa kuwa nipo Marekani, na wapo watakaosema nimeanza kulialia. Yote sawa, endeleeni. 

Kwanza, msimamo wa ligi usikudanganye. Mwaka 2025 Cleveland walimaliza kileleni mwa kanda ya Mashariki kwa ushindi 64, wakatolewa kwa mechi 4-1 na Indiana waliokuwa wa nne. Mwaka 2023 Miami walifungwa mechi ya kwanza ya mchujo, wakaponea ya pili, wakaingia wakiwa wa nane, na bado wakafika fainali. Wale wanaouliza mchujo ndiyo nini: sita wa juu wa kila kanda wanapita moja kwa moja. Wa saba anacheza na wa nane, mshindi amepita. Wa tisa anacheza na wa kumi, aliyefungwa anarudi nyumbani, na mshindi anakwenda kugombea nafasi ya mwisho na yule aliyeshindwa kati ya wa saba na wa nane.

Kwa nini wakubwa wanaanguka? Msimu wa kawaida ni mechi 82, leo mji huu kesho ule, kocha hapati nafasi ya kumchambua mpinzani. Kwenye mtoano mnakutana na timu ile ile mpaka mmoja ashinde mara nne. Kufikia mechi ya tatu kila mtu ameshajua nani kwenu hawezi kukaba, na huyo ndiye anayewindwa. Anayekabwa na yule dhaifu anakuja kumwekea kizuizi cha mwili mkabaji wa nyota wao, wakabaji wanabadilishana watu, nyota anabaki uso kwa uso na mnyonge wenu. Watarudia hivyo hivyo hadi kocha amtoe. Na akimtoa, huenda anayeingia anakaba vizuri lakini hana shabaha, basi anaachwa peke yake pembeni na mkabaji wake anakwenda kuziba chini ya kikapu.

Kwa hiyo mimi siangalii timu ina wachezaji wangapi wazuri. Kocha anapunguza mzunguko wake hadi watu wanane, mara nyingine saba. Naangalia wale watano wanaomalizia robo ya nne: yupo asiyekaba? Yupo asiyefunga kwa mbali? Kukiwa na mmoja tu wa namna hiyo, nina wasiwasi. Wakiwa wawili, siwashiki hata wawe na nyota gani. Lakini huo ni mtazamo wangu, wewe una macho yako.

Pili, soma taarifa ya majeruhi kabla ya kubishana na mtu. Mwaka 2025 Jayson Tatum wa Boston alikatika kano ya kisigino mechi ya nne dhidi ya New York, na mabingwa watetezi wakatoka 4-2. Tyrese Haliburton wa Indiana yakamkuta hayo hayo kwenye mechi ya saba ya fainali, Oklahoma City wakabeba kombe. Halafu kuna makaratasi: mchezaji aliyeachwa na timu yake baada ya Machi 1 haruhusiwi kucheza mtoano na timu nyingine. Msinitumie tetesi za Aprili kwamba fulani anakuja kuokoa jahazi.

Mnaoogopa kuitwa mashabiki wa juzi, tulieni. Kuanzia 2019 mpaka 2025 mabingwa walikuwa Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma City. Miaka saba, timu saba. Anayekucheka leo mwakani anahama. Ila timu yako ikiwa nyuma 3-0, lala tu. Katika historia yote ya NBA hakuna aliyetoka huko akashinda. Boston walijaribu 2023 dhidi ya Miami, wakasawazisha 3-3, wakafungwa ya saba nyumbani kwao.

Sasa pesa, maana kuna mtu kaandika "nyie huko mnaangalia bure". Bure ya wapi? Mkataba wa matangazo ulioanza msimu wa 2025-26 umezigawa mechi kati ya vituo vya ABC na ESPN, NBC na Peacock, na Prime Video. ABC na NBC unaweza kuzinasa kwa antena, ila milango mingine kila mmoja una kiingilio chake. Ukinunua League Pass, kifurushi cha NBA cha kuangalia mechi mtandaoni, ukiwa hapa Marekani, mechi za mtoano hazionyeshwi mubashara, na wengi wanagundua hilo kadi imeshakatwa. Ile ya nje ya Marekani kwa kawaida inazo, ila soma masharti ya nchi yako kwanza. Tiketi ndiyo usiniulize. Mechi ya tano, sita na saba zinauzwa kabla haijajulikana kama zitakuwepo. Isipochezwa unarudishiwa, lakini hela yako wamekaa nayo wao. Na bado kuna mtu ananiomba jezi.

Mwisho ni saa, hapa ndipo mnapokosea sana. Kipindi cha mtoano Afrika Mashariki iko mbele ya New York kwa saa saba. Mechi ya saa moja jioni ya huku, kwenu ni saa nane usiku, na tarehe imeshabadilika: "Jumanne" ya kwenye ratiba ni Jumatano yenu alfajiri. Bujumbura, Kigali na Goma toa saa moja, Muscat ongeza moja. Mwenye kazi asubuhi atafute mechi za mchana za Jumamosi na Jumapili za raundi ya kwanza. Ya saa saba mchana ya huku unaiona saa mbili usiku, ukiwa bado mezani. Fainali zinaanza saa tisa usiku au tisa na nusu, hizo kila mtu na mwajiri wake.